NANI ATAREKEBISHA NJIA?

Masomo: Isaya 58:1–12, Nehemia 3, Yohana 6:1–15
Mahubiri ya ibada ya pili, na Mchungaji Msaidizi



Namshukuru Mungu kwa nafasi hii, na namshukuru Askofu na wazee wa kanisa kwa kuniamini na madhabahu. Fungua Biblia yako Isaya mlango wa 58. Kama umekuja na simu, sawa, lakini funga WhatsApp kwanza.

Wengi wetu tunaijua sura hii kwa sababu ya mfungo. Kila Januari tukianza kufunga na kuomba, lazima mtu ataisoma. Tunapenda sana mstari wa 8, pale nuru inapochomoza na uponyaji unakuja haraka. Tunapenda mstari wa 11, ile ahadi ya kuwa kama bustani isiyokosa maji. Tunaudai kwa sauti, tunaruka, tunasema amina. Lakini mstari wa 12 tunaupita mbio, kama matatu inavyopita steji isiyo na abiria.

Hebu leo tushuke kwenye steji hiyo. Katika mstari wa 12 Mungu anatoa majina. Anasema wale wanaofunga kwa namna anayoitaka Yeye watajulikana kwa mambo mawili: kuziba mahali palipobomoka, na kurudisha njia zilizoharibika ili watu wapate kuishi vizuri. Angalia vizuri, mpendwa. Mungu angeweza kuwapa jina la majenerali wa maombi. Angeweza kuwaita manabii wa mataifa. Akawapa jina la mafundi wa njia.

Mwambie jirani yako: "Jirani, kuna njia inakungoja."

Sasa nitaongea wazi kuhusu njia moja. Mnajua kwamba kwa miezi minne sasa kanisa letu limekuwa likitunza kipande cha njia ya miguu kule Arboretum ya Nairobi. Ni kipande kifupi, kutoka pale penye miti mikubwa kuteremka kuelekea kwenye kijito. Vijana waliongea na wasimamizi wa pale, tukakubaliana: Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, saa mbili asubuhi hadi saa tano, tuokote taka, tuondoe magugu tunayoonyeshwa, na tusaidie kurekebisha njia mvua inapoichimba.

Mwezi wa kwanza tulikuwa zaidi ya arobaini. Tulijaa matatu mbili, tukaimba njia nzima. Mwezi wa nne, yaani Jumamosi iliyopita, tulikuwa tisa. Tisa, kanisa. Na kati ya hao tisa, wawili ni watoto wa Sunday School waliokuja na mama yao.

Mwisho wa mwezi huu wazee watakaa kuamua: tuendelee, ama tukirudishe kile kipande na kusema asante. Sijaja hapa kuwapigia kelele. Nimekuja tuliangalie Neno kabla wazee hawajakaa, kwa sababu uamuzi huu unasema kitu kuhusu maombi yetu.

Jambo la kwanza: mahali unapoombea pana mtu anayepatunza

Ukienda Arboretum siku yoyote utasikia watu wakiomba. Wengine wamepiga magoti chini ya mti, wengine wanatembea huku na huku wakinena kwa lugha, wengine wamekaa vikundi wakilia mbele za Mungu. Kwa mtu anayeishi chumba kimoja, na jirani ukutani anacheza redio hadi usiku wa manane, mti wa Arboretum ndio chumba chake cha siri. Najua kuna ndoa katika kanisa hili zilizopona chini ya miti ile. Kuna mtu hapa alipokea wito wake pale. Mnajijua.

Sasa, ile miti ilitoka wapi? Arboretum ilianzishwa mwaka wa 1907. Reli ilikuwa imefika, na gari la moshi lilikuwa linakula kuni, kwa hivyo serikali ya kikoloni ilitaka kujaribu ni miti gani ya kigeni ingekua haraka katika nchi hii. Walipanda ili wachome. Leo pana aina zaidi ya 300 za miti, ya kienyeji na ya kutoka ng'ambo, katika eneo la kama hekta 30, karibu kabisa na Ikulu. Shamba lililoanzishwa kutafuta kuni limekuwa mahali pa madhabahu. Mungu anajua kugeuza mambo. Amina?

Lakini halikubaki hivyo lenyewe. Tangu mwaka wa 1993 kumekuwa na kikundi cha wananchi wa kujitolea, Friends of Nairobi Arboretum, watu wenye kazi zao kama mimi na wewe, ambao wamekuwa wakisaidia kupatunza pamoja na wafanyakazi wa serikali. Kuna mtu alipanda, kuna mtu alimwagilia, kuna mtu aliutambua mti na kuupa kibao cha jina. Sisi tukafika na Biblia na chupa ya maji, tukakaa kwenye kivuli cha jasho la wengine.

Nilisomea biashara chuo kikuu. Kitu kimoja wanachokufundisha mapema ni kwamba kila mali inachakaa. Ukinunua matatu mpya leo, mwaka ujao haina thamani ile ile, hata kama haijagongwa. Kwa hivyo mwenye biashara mwenye akili anatenga pesa ya matengenezo kila mwezi. Asiyetenga anakula mtaji wake bila kujua. Anaona faida kwenye simu yake, kumbe gari linakufa polepole.

Na sisi je? Tunatoa kivuli pale kila wiki. Tunatoa hewa, tunatoa utulivu, tunatoa machozi na majibu ya maombi. Tumeweka nini? Mtu akitoa kila siku kwenye akaunti bila kuweka, mwisho wake unaujua.

Ukirudi Mwanzo 2:15 utaona kazi ya kwanza aliyopewa binadamu. Mungu alimweka mtu bustanini kwa mambo mawili, kuilima na kuitunza. Dhambi ilikuwa haijaingia bado, kwa hivyo usiseme hiyo ilikuwa adhabu. Na mlango wa 3 mstari wa 8 unatuonyesha Mungu akitembea katika bustani ile ile wakati wa jua kupunga. Mahali Adamu alipofanyia kazi ndipo alipokutania na Mungu. Sisi tunataka kukutana na Mungu bustanini, lakini jembe tumemwachia nani?

Jambo la pili: Yesu hakuacha uwanja ukiwa mchafu

Twende Yohana 6. Huu ni mkutano mkubwa wa injili. Wanaume peke yao ni kama elfu tano, weka wamama na watoto juu yake. Hakuna mahema, hakuna viti vya plastiki vya kukodisha. Yohana anatupa jambo dogo ambalo huwa hatulihubiri: mstari wa 10 unasema mahali pale palikuwa na majani mengi. Yesu aliwaketisha watu kwenye nyasi.

Muujiza ukafanyika. Mikate mitano ya shayiri, samaki wawili, watu wakashiba. Sasa hapo ndipo sisi tungefunga kwa wimbo na kwenda nyumbani. Lakini mstari wa 12 Yesu anawageukia wanafunzi na kuwaagiza wakusanye vipande vilivyobaki, visipotee. Wakajaza vikapu kumi na viwili.

Ngoja tufikirie pamoja. Aliyeweza kutoa chakula kwa watu elfu tano hakuhitaji makombo. Angeweza kutengeneza mengine kesho. Lakini hakukubali kipotee chochote, na hakuacha nyasi zile zikiwa zimejaa mabaki. Na ni nani aliinama kuokota? Petro. Yakobo. Yohana. Mitume! Wale ambao mkono wao ulikuwa umetoka kugawa muujiza, mkono ule ule ukaokota vipande.

Halafu soma mstari wa 15, kisha ulinganishe na Mathayo 14:23. Baada ya hapo ndipo Yesu akapanda mlimani peke yake kuomba. Watu wakashiba, mabaki yakakusanywa, kisha maombi.

Mwezi wa kwanza tulipofika kwenye kipande chetu, chini ya mti mmoja ambapo watu huomba sana, tuliokota gunia zima la chupa za plastiki, makaratasi ya biskuti na tishu. Katikati ya hizo tishu kulikuwa na karatasi ya maombi. Mtu alikuwa ameandika mahitaji yake saba, nambari moja hadi saba. Sikuyasoma yote, kwa sababu ni siri ya mtu na Mungu wake. Lakini nilijiuliza swali ambalo nawaachia: huyo aliyeacha karatasi na chupa pale chini, alitaka malaika gani aje aokote?

Na kijito kile hakikai Arboretum. Maji yake yanaingia Mto Nairobi, Mto Nairobi unaingia Athi, Athi unashuka hadi unaitwa Galana, halafu Sabaki, na unamwaga baharini karibu na Malindi. Chupa uliyoitupa ukimaliza kuomba mvua inaweza kuisukuma hadi ikamfikia mvuvi wa Malindi. Yeye hakukutana nawe, hakukukosea, lakini ameupata mzigo wako kwenye nyavu.

Sheria nayo iko. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo yaliyohifadhiwa ya nchi hii, zikiwemo mbuga, fuo na misitu. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 69, inasema kila mtu ana wajibu wa kushirikiana kutunza mazingira. Lakini Mkristo hafai kungoja askari. Kumbukumbu la Torati 23:12–14 Mungu aliwaambia Waisraeli wawe na kifaa cha kuchimbia, wafukie uchafu wao nje ya kambi. Sababu? Kwa sababu Bwana anatembea katikati ya kambi. Tukiimba kwamba uwepo wake uko mahali hapa, basi tupasafishe mahali hapa.

Jambo la tatu: njia huharibika kidogo kidogo

Siku ya kwanza, kabla hatujagusa hata reki, mlinzi mmoja wa pale alituita tukasimama akatufundisha. Alisema, "Watu wa kanisa, najua mtataka kufagia majani yote njia ing'are kama kiwanja cha nyumbani. Msifagie." Akatueleza kwamba majani yaliyoanguka ndiyo blanketi la udongo. Tone la mvua likipiga jani, linaingia ardhini polepole. Likipiga udongo mtupu, linaubomoa na kuubeba.

Akatuonyesha adui mkubwa wa njia ya msituni. Si miguu ya watu, ni maji. Maji yakipata njia inayoteremka yanaifanya mto. Mvua ya leo inachora mstari, mvua ya kesho inachimba mfereji, mwaka ujao mizizi iko nje na mtu anaanguka. Kisha watu wakiona matope wanapita pembeni. Wakipita pembeni wanakanyaga miche midogo, njia inapanuka, udongo mtupu unaongezeka, maji yanapata nguvu zaidi. Kila mmoja anajiambia, "Ni mimi tu nimepita hapa."

Dawa yake ni rahisi, lakini haikubali uvivu. Unachimba mfereji mdogo unaokingama njia kwa mshazari, ili maji yatoke yaende kwenye majani kabla hayajapata kasi. Hiyo ni kazi ya jembe, ya nusu saa. Lakini mfereji huo unajaa udongo na majani. Kama hakuna mtu wa kuja mwezi ujao kuuzibua, mvua mbili tu na umerudi pale pale. Ndiyo maana kupanda miti siku moja na kupiga picha hakutoshi. Kazi yenyewe ni kurudi.

Nani hapa hajui mambo haya katika maisha ya kiroho? Hakuna aliyerudi nyuma kwa siku moja. Alikosa ibada moja, akapita pembeni. Akaacha ushirika wa nyumbani, akapita pembeni. Hakuna aliyekuja kuzibua mfereji. Siku moja mvua kubwa ikaja, na mizizi yote ikawa nje. Na ndugu yako unayemwombea arudi kwa Yesu, hatarudishwa na wimbi la watu arobaini la siku moja. Anahitaji mtu anayebisha mlango kila mwezi.

Kwa hivyo swali la hao watu tisa ni zito kuliko linavyoonekana. Kanisa ambalo haliwezi kurudi kwenye njia ya mita chache kwa miezi minne, litarudije kwa mlevi anayeanguka mara ya kumi? Luka 16:10 Bwana Yesu alisema wazi kwamba mambo madogo ndiyo yanayoonyesha mtu atafanyaje na makubwa.

Katika Nehemia 4 ukuta ulipofika nusu, Yuda walisema nguvu zimewaishia na kifusi ni kingi. Angalia, walichoka katikati. Mwanzo una nyimbo, mwisho una sherehe, katikati kuna kifusi. Wapendwa, sisi tuko katikati.

Jambo la nne: usimtume mtu mwingine

Hapa naomba mnivumilie, kwa maana nitagusa.

Nehemia 3 ni orodha ndefu ya majina, na watu wengi huiruka. Usiiruke. Kuhani mkuu yumo, mstari wa 1. Mafundi wa dhahabu na watengenezaji wa manukato wamo, mstari wa 8. Watu wenye mikono laini wakibeba mawe. Shalumu yumo na binti zake, mstari wa 12. Na mstari wa 14 yumo Malkiya, mkuu wa wilaya, na lango alilotengeneza ni lango la jaa. Mkubwa mzima wa serikali akitengeneza lango la takataka!

Lakini mstari wa 5 unataja wakuu wa Tekoa ambao hawakukubali kuinamisha shingo zao kufanya kazi. Watu wa kawaida wa Tekoa walifanya, tena mstari wa 27 wakaongezewa sehemu ya pili. Wakubwa wao waliangalia tu. Miaka zaidi ya elfu mbili imepita, na bado tunasoma kwamba hawakuinama.

Mwezi wa pili, kuna mtu mmoja wa kanisa hili ambaye hakuweza kuja. Hiyo si shida, kila mtu ana dharura. Lakini alimtuma dada anayemfanyia kazi ya nyumba aje badala yake. Yule dada alifika saa mbili kamili, akafanya kazi vizuri kuliko wengi wetu. Nikamuuliza, "Dada, Jumamosi si ndiyo siku yako ya kupumzika?" Akasema, "Ndio, Pastor, lakini niliambiwa nije."

Sasa rudi Isaya 58 mstari wa 3. Watu wanamuuliza Mungu, mbona tunafunga na huangalii? Na Mungu anawajibu kwamba siku yao ya kufunga wanajitafutia mambo yao wenyewe na kuwatumikisha wafanyakazi wao. Iko pale, sikuiandika mimi. Kujitolea ni kutoa kilicho chako. Saa za dada yule si zako. Ukimtuma atoe siku yake ya mapumziko, sadaka hiyo ameitoa yeye, na deni umelibeba wewe.

Na kwa sababu hiyo hiyo, nataka kusema neno kwa ndugu zangu wa kibarua. Kama Jumamosi ndiyo siku unayopata mjengo, nenda mjengo. Mama, kama Jumamosi ndiyo siku mboga zako zinanunuliwa, kaa kwenye kibanda chako uuze, na Mungu akubariki mpaka sukuma ziishe. Mtu yeyote akikuambia hupendi kazi ya Mungu kwa sababu ulienda kutafutia watoto unga, mlete kwangu. Kumlazimisha maskini kujitolea ni kumnyonya kwa sauti ya kiroho.

Lakini wewe ambaye Jumamosi asubuhi unaamka saa nne kuangalia mpira wa jana kwenye simu, nawe nina neno kwako. Kule chuoni tulifundishwa kwamba gharama ya kitu haiko kwenye pesa peke yake. Iko pia kwenye kile ambacho ungekifanya badala yake. Basi fanya hesabu. Saa tatu kwa mwezi. Toa hizo saa tatu, uniambie umepoteza nini.

Maswali mliyoniuliza

Wengine wameniambia, "Pastor, hiyo si injili. Hatujaona roho hata moja ikiokoka pale." Sawa. Injili ni Kristo aliyesulubiwa na kufufuka, na kufagia njia hakumwokoi mtu. Hilo sitalibadilisha. Lakini yule mnyama na ule mti na kile kijito viliumbwa na Kristo huyo huyo tunayemhubiri. Soma Wakolosai 1:16. Mtu akikuambia anampenda fundi, halafu anapiga teke kazi ya fundi, utamwamini? Na kuna mzee mmoja anayetembea pale kila asubuhi kwa sababu ya sukari. Mwezi wa tatu alisimama akatuuliza sisi ni wa kampuni gani. Tukamwambia ni wa kanisa. Akakaa kimya kidogo, akasema hakujua kanisa hufanya kazi isiyo na sahani ya sadaka. Tuliongea naye nusu saa. Hajaokoka bado. Lakini sasa anatusalimia kwa majina.

Wengine wameuliza, "Si kuna watu wanaolipwa kufanya hiyo kazi?" Wapo, na hatuendi kuchukua mkate wao. Tunafanya yale wanayotuonyesha, yanayozidi mikono yao. Wewe kanisani tunamlipa mlinzi. Je, ukiona bomba la maji limepasuka unampita kwa sababu yeye analipwa?

Na ndugu mmoja aliuliza kwa nini hatuweki bango la kanisa na fulana zenye jina. Nilimjibu kwamba Mathayo 6 Bwana ametupa onyo kuhusu kupiga panda mbele yetu tunapotoa. Njia ikipitika, mama akipita na mtoto mgongoni bila kuteleza, tangazo limetosha.

Tukumbuke pia kwamba wako waliolipa gharama kubwa kuliko sisi. Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977, alikwenda kupanda mti Karura Januari 1999, wakati sehemu za msitu ule zilikuwa zimegawiwa watu binafsi. Alipigwa, akajeruhiwa kichwani. Leo familia zinatembea Karura siku za mapumziko, watoto wanaendesha baiskeli, na wengi hawajui damu ilimwagika pale. Mwaka wa 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Sisi hakuna anayetuomba damu. Tunaombwa jembe na saa tatu.

Tufanye nini?

Wazee wakikaa mwisho wa mwezi, watauliza swali moja: kuna watu ishirini ambao watakuja kwa zamu mwaka mzima? Ishirini wakigawanywa, kila mwezi watafika kumi, na kumi wanatosha kile kipande. Kama wapo, tunaendelea. Kama hawapo, mimi mwenyewe nitawaambia wazee tukirudishe, kwa heshima, ili wapewe wengine watakaokuja. Ni afadhali kurudisha kuliko kushika jina la kazi ambayo hatuifanyi.

Karatasi iko kwa mashemasi pale mlangoni. Usiandike jina kwa sababu umeguswa na mahubiri; kesho kutwa utakuwa umepoa. Nenda nyumbani, angalia kalenda yako, ongea na mume wako ama mke wako, halafu uandike Jumapili ijayo. Andika jina lako mwenyewe, usiandike la mtu mwingine. Siku ya kazi vaa viatu vilivyofungwa, beba maji kwenye chupa unayorudi nayo, na usiwape tumbili chakula. Wakizoea mikono ya watu wanakuwa wakali, na lawama inarudi kwao. Glavu na magunia yapo. Chai na mandazi, wamama wamesema watashughulikia.

Na wewe unayeomba pale siku za wiki, hata kama hutaandika jina, chukua hatua moja: ukimaliza kuomba, kabla hujasema amina ya mwisho, angalia chini. Okota chako, na kimoja kisicho chako.

Tusimame tuombe.

Baba, asante kwa miti uliyotupa kivuli chini yake, na kwa watu walioipanda bila kutujua. Umesikia machozi yetu pale. Tusamehe mahali tulipopokea bila kutunza. Wabariki wafanyakazi wa pale, na ulinde mapumziko ya kila mtu anayetufanyia kazi katika nyumba zetu. Inua watu wa kurudi, Bwana, watu wa mwezi wa tano, wa sita na wa kumi. Na ndugu zetu waliopita pembeni wakapotea, tupe miguu ya kuwafuata na mikono ya kuwatengenezea njia. Katika jina la Yesu. Amina.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

1. Someni Isaya 58:3 pamoja. Kuna mtu anayefanya kazi kwako ambaye ibada yako inamnyima mapumziko?
2. Katika Nehemia 3 wengi walijenga mbele ya nyumba zao. Mbele ya nyumba yenu kuna nini kilichobomoka ambacho ushirika huu unaweza kukirekebisha bila kungoja kaunti?
3. Tajeni ndugu mmoja aliyeacha kuja. Nani atabisha mlango wake wiki hii, na nani mwezi ujao?